Kusudi la Kuingia

Lango la msitu ni mwanzi mmoja
uliopakwa nyekundu na nyeupe,
na jiwe limefungwa kwa waya kwenye kitako chake
ili usiwe mzito kupanda.
Nilishuka kwenye bodaboda na matope hadi magotini.
Kijana wa kibanda alianza kutazama viatu vyangu.

Ubaoni, kwa mwandiko wa mtu aliyechapwa akajua kuandika:
Mtanzania mzima, elfu mbili na kidogo.
Mtoto, nusu yake.
Kulala hemani, kibali. Kupiga picha, kibali.
Kuchunguza vyura, kibali, na barua kutoka Dodoma.
Mgeni wa nje, bei yake kwa dola,
na mvua imeshalamba sifuri moja.

"Kusudi la kuingia?"
Aliuliza bila ubaya, kidole juu ya mashine.
Utalii. Utafiti. Masomo. Picha.
Nikatafuta langu katika hayo manne
kama mtu anayetafuta kiatu chake
mlangoni mwa msikiti baada ya Ijumaa.

Nilikuja kukaa juu ya jiwe.
Liko ng'ambo ya kijito, chini ya msambu,
pale bibi yangu Mamweta alipoanika hiliki
kabla vigingi vya mpaka havijashuka mlima
vikatuacha upande huu.
Hilo ni kusudi gani? Linaandikwa wapi?
"Andika utalii," nikasema,
na neno likanikaa kooni kama mwiba wa dagaa.

Mashine ikatafuta mtandao.
"Umeshuka Muheza," kijana akasema, "utarudi."
Akapanda juu ya kichuguu, mkono hewani.
Pesa taslimu hapokei. Angefukuzwa.

Usidhani nilimchukia.
Mimi nakata risiti za ushuru soko la Mgandini:
tenga la nyanya, gunia la nazi.
Naujua uzito wa ile mashine
mama anapokwambia, mwanangu, bado sijauza.
Naijua sauti yake ikitema karatasi,
panzi aliyebanwa na mlango.
Na naukumbuka mwaka wa misumeno,
kabla ya mwanzi huu: mivule ikitoka usiku kwa malori,
hakuna aliyeiuliza kusudi,
na kijito kikawa rangi ya chai ya maziwa.

Ndipo wakapita wanawake watano,
kamba mabegani, hakuna panga.
Mwanzi ukapanda wenyewe, karibu.
"Jumatano na Jumamosi," akanieleza kutoka kichuguuni,
"jirani anaokota kuni kavu bure.
Mzigo mmoja, wa kichwa. Kilicho hai hakiguswi."
"Na mimi?"
"Wewe umetoka Tanga."
Kisha, baada ya kimya: "Bibi yako nani?"
Nikamtajia.
Akashuka. Akaingia kibandani.
Akatoka na kamba ya katani, imechakaa katikati.
"Mzigo mmoja. Nitaukagua."

Jiwe lilikuwepo.
Dogo kuliko nilivyoliacha.
Sikulia, kama unataka kujua;
nilikula chapati ya Muheza, baridi,
na ruba wawili kwenye mguu wa kushoto
wakanywa bila kibali.

Halafu kuni.
Miaka kumi na moja napikia gesi.
Shingo imesahau, lakini vidole vilifunga fundo
kabla sijaviambia. Nilianguka mara moja.
Wale wanawake walicheka, wakaniinua, wakaendelea kucheka.

Langoni aliupitia mzigo kijiti kwa kijiti.
Akachomoa kimoja. "Hiki kibichi."
Alikuwa sahihi. Nilikijua.
Mdalasini, nilikivunja kwa ajili ya harufu.
Akakiweka dirishani, juu ya kitabu cha stakabadhi,
akafungua daftari jingine, la kurasa zilizoliwa na mende,
akaandika polepole, ulimi nje kidogo:
kuni, mzigo mmoja, mkazi.

Nikalisoma lile neno la mwisho kwa kichwa chini.
Akanyoosha mkono.
Kamba aliitaka.