Tunafuga Sauti

Trei za mayai tuliziomba kwa Shija wa chipsi, pale Isevya.
Akauliza, "Mnafuga?"
Mihayo akamjibu, "Tunafuga sauti,"
Shija akacheka mpaka viazi vikaungua.
Ishirini na nne. Nyingine zilikuwa na ute uliokauka.
Tukazibandika ukutani kwa gundi ya viatu,
na palipobaki wazi tukatundika blanketi la Mihayo,
lile la bweni, lina namba yake hadi leo: 117.

Kipaza sauti, elfu thelathini na tano, cha kubana kolani.
Waya wake ulikatika siku ya pili, nikauunga mwenyewe.
Kazi yangu simu. Nazifungua matumbo kutwa.

Jina tuligombania siku tatu.
Yeye alitaka neno zito, la watu waliovaa tai.
Mimi sikutaka kitu, nilitaka tu asishinde.
Ndipo treni ya Mwanza ikapiga honi,
tukatazamana.
*Reli Inapogawanyika.* Basi, likaandikwa.

Mtandao ule bila picha haukupokei,
nasi sura zetu hazina biashara.
Tukapiga picha trei.

Mgeni wa kwanza: mama yake Mihayo, Bi Nyanzala,
miaka kumi na tisa ghalani akichambua tumbaku,
daraja la jani akilijua kwa kidole, gizani.
Alikuja na kitenge cha harusi
na nusu lita ya asali ya Sikonge kwenye chupa ya maji,
"ya hao wanaosikiliza."
"Wako wapi?"
"Watakuja, mama."
"Basi tuwangoje."
Akakaa. Akangoja kweli.
Ikabidi tuanze kumrekodi hivyohivyo, akingoja.

Akaeleza vumbi la ghala linavyoingia hata kwenye ugali.
Akaeleza mshahara wa kwanza: sufuria mbili na deni.
Akifika penye kuuma haendelei,
anasema "mh",
anakohoa,
na nje kuku wa jirani anatangaza yai lake,
kinu kinatwanga kisamvu,
halafu anarudi, kwa mlango mwingine.

Saa sita usiku, bando la usiku limeamka,
nikabonyeza pale panapoandikwa *ondoa kelele*.
Kinu kikaondoka.
Kuku akaondoka.
Kikohozi kikaondoka, na ile "mh" ikaondoka,
akabaki mwanamke asiye na kifua,
anasoma maisha yake kama tangazo la benki.

Mihayo alivua spika za masikioni polepole.
"Mama kaenda wapi?"

Nikarudisha. Vyote. Hata honi
iliyomkata katikati ya jina la marehemu mumewe,
nayo tukaiacha imkate.

Asilimia kumi. Thelathini na moja.
Sitini na mbili, umeme ukakatika.
Tukakaa gizani na simu moja yenye chaji ya kubahatisha,
hatusemi, kama watu walio nje ya chumba cha kujifungulia.
Alfajiri ikapanda.

Hadi Jumamosi waliotazama walikuwa kumi na mmoja.
Watatu kati yao ni mimi.

Bi Nyanzala hana simu ya kugusa, akaja kusikiliza kwetu.
Tukamvika zile spika juu ya kilemba.
Akainamisha kichwa kama anayepimwa presha.
Alipojisikia anakohoa, akakohoa.
Alipofika kwenye "mh" hakusema kitu,
alikunja tu ncha ya kitenge, akaikunjua, akaikunja.

"Wangapi hao?"
"Kumi na mmoja, mama."
Akaitazama chupa, haijafunguliwa bado, iko juu ya rafu.
"Kijiko kimoja kimoja, itawatosha. Na ninyi mlambe."

Akazivua, akanirudishia,
kisha akazitaka tena, akasogeza sikio moja tu.
"Na huyu kuku," akasema,
"si ndiye tuliyemla Jumatano?"