Si

Jikoni Rau, nilimwambia Daktari Ornella:
"Hiyo si chumvi."
Akafurahi, akamimina vijiko vitatu.
Usiku ule tulikula tambi tamu kama kashata,
kila mtu akimwonea mwenzake haya.

Kumbe kwao *si* ni ndiyo.
Kilatini kilisema *sic*, ndivyo, kikafa;
wanawe wakagawana mifupa.
Mfaransa alipewa ndiyo
ya kumkatalia anayekataa.
Mromania akaitia *sh* mdomoni, ikawa *na*.
Yetu haimo katika mirathi hiyo.
Ilizaliwa huku, ikikana.

Jana nimempigia mama, Kibosho.
Mguu unauma? Si sana.
Umekula? Si haba.
Nikamsikia kwa sikio la Ornella.
Nikanunua unga, nikapanda.