Ndoo Tatu za Kutazama

Kioo nilikitoa kwenye kabati la maandazi
la marehemu Asumini, pale stendi ya Newala.
Fundi Likwachala akakikata, akakiunga kwa silikoni,
akauliza, "Samaki utawatoa wapi?"
Nikamwambia sitaki samaki.
Akanitazama kama mtu aliyeombwa kujenga zizi
la kufugia nyasi.

Chini nilitandaza udongo wa bustani, unene wa vidole viwili,
niliouchekecha kwa chekeche ya unga
(mke wangu hajui, naomba ibaki hivyo),
juu yake mchanga wa Ruvuma,
niliouosha mpaka maji yake yakaacha kufanana na chai.

Mimea ilitoka Kitere, ndani ya chupa iliyokatwa shingo:
mmoja mrefu, mwembamba, utepe wa fundi cherehani;
mwingine wa manyoya, mkia wa paka aliyeshtuka.
Majina yao ya kitabuni siyajui.
Nawaita Utepe na Mkia, na hawajalalamika.

Ndoo tatu za maji.
Juu ya uwanda huu, ambako mchanga humeza mvua
kabla haijabisha hodi,
ambako ndoo ina bei
na bei hupanda mlima pamoja nayo.

Mama mkwe, Bi Somoe, alisimama mlangoni.
Huyu aliteremka bondeni jogoo wa kwanza
na kurudi jua likiwa utosini,
mtungi kichwani, mke wangu akiwa bado tumboni mwake.
Akasema taratibu:
"Maji ya kunywa nayajua. Ya kufulia, ya kutawadhia,
ya kuoshea maiti nayajua.
Haya ni ya nini?"
"Ya kutazama, mama."
Alitema mate. Kando, kwa adabu.

Wiki ya pili yakageuka kisamvu.
Nilitaka kumwaga, lakini nimwage wapi,
mchana kweupe, mbele ya nani?
Aibu ikanishika mkono, uvivu ukashika wa pili.
Sikugusa kitu.
Wiki ya tano nikaamka nikaona ukuta wa nyuma:
Mkia ulikuwa umekula chote kilichoyachafua maji,
na kunenepa juu yake.

Mwezi wa saba ukungu ukalala barazani.
Watu wakatoa makoti ya mitumba.
Cha kupashia maji sina, na umeme wenyewe una safari zake.
Utepe haukuongeza jani, wala haukufa;
ulikaa kimya kama mkulima
anayesubiri malipo ya pili.
Jioni moja Bi Somoe aliuliza, akimwuliza ukuta,
"Kilicho ndani ya maji, nacho husikia kiu?"
Ukuta haukujua. Mimi pia.

Kisha msimu.
Mimi ni karani wa mizani, si ile ya ushairi.
Gunia, kilo, jina, sahihi.
Gunia, kilo, mtu ananisihi nisome tena.
Wiki nane nilirudi usiku na vumbi la korosho kwenye kope,
nikala nikiwa nimesimama, nikalala na viatu.
Tangi sikulitupia jicho.

Ghala lilipofungwa nilipiga magoti na tochi,
nikijua nitakuta uji.
Nikakuta kichaka.
Utepe umetambaa chini kwa chini, umezaa watoto kumi na mmoja,
wamejipanga foleni bila karani.
Konokono ambaye hakualikwa na mtu
anapanda kioo, analamba, hana haraka.

Lakini maji.
Jua la Novemba hunywa kidole kizima kwa wiki;
ndiyo maana nilichora alama, kalamu nyekundu, siku ya kwanza.
Maji yalikuwa palepale kwenye alama.
Si chini. Si juu.

Nikamuuliza mke wangu: si yeye.
Watoto: wakaapa.
Kando ya tangi kikombe cha bati kimeinamishwa,
ukingoni bado kina tone.
Bi Somoe alikuwa anachambua choroko.
Hakuinua kichwa.
"Ulichora mstari," akasema.
"Nilidhani ni deni."