Saba Iliyofudikizwa

Usiku wa kuamkia habta ya Nizwa
nilimweka Hilali mapajani,
nikambana mkono kama anayechanjwa,
nikachovya kijiti kwenye hina
nikamwandikia namba yangu ya simu.
"Miye si bi harusi!" Akajinyonganyonga kama mkunga.
Tarakimu zikapanda kwa Kiarabu, moja baada ya moja,
ngozi ikaisha kabla ya namba,
saba ya mwisho ikaenda kukaa peke yake
kwenye shina la kidole gumba.

Asubuhi mbuzi walizungushwa duarani,
kamba kwa kamba, bei juu ya bei,
vumbi hadi kwenye kope.
Shela iliteleza.
Nikamwachia ili niirudishe. Basi.
Nilichokamata tena kilikuwa bega la mtoto wa watu,
akanitazama kwa adabu.
Nikaita kwa Kiswahili, lugha ya jikoni mwetu,
soko likanijibu bei ya beberu.

Kumbe yeye yuko kwa muuza majani,
kijana wa Bahla, Ghusni jina lake.
Hakulia. Alinyoosha mkono
kama abiria anayeonyesha tikiti.
Sasa, saba ya Kiarabu ni kikombe kinachosubiri kahawa;
nane ni kikombe hicho hicho, kimefudikizwa.
Ghusni alikiona kimefudikizwa.
Simu ikalia Suhari, kwa mwanamke asiyetujua.

"Sina mtoto Nizwa," alisema,
"wala sikati simu. Nisomee."
Akasomewa. "Tena, polepole."
Akanyamaza. Nyuma yake, Ghusni alinihadithia,
cherehani ilisikika ikisimama.
"Huyo mtoto, umesimama mbele yake?"
"Ndiyo."
"Nenda ubavuni mwake.
Msome kutoka anakosimama yeye."

Mkoba wangu ukatetemeka
nami nimeshaanza kuwauliza mbuzi.

Sikumpiga. Sikumbusu pia, si hapo hapo.
Nilishika kile kidole gumba
mpaka garini, na nyumbani
nikafungua mlango kwa mkono wa kushoto,
funguo zikianguka mara mbili.

Jioni Suhari ikapiga tena.
"Yupo?"
"Yupo. Anakula tende, mikono yote inanata."
"Alhamdulillahi. Na mbuzi, mmepata wa rangi gani?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka mbuzi.