Unyaufu

Fomu iliuliza: kazi ya sasa?
Nikaandika, karani wa mizani, ghala namba mbili, Tandahimba.
Ikauliza: mwaka wa kumaliza sekondari?
Hapo kalamu ikagoma. Nikaijaribu kiganjani,
kumbe wino upo.
Mwaka juzi, nikaandika. Mtahiniwa wa kujitegemea.

Ni Oktoba, magunia yameanza kushuka,
mizani yangu inasomwa na mtu mwingine,
nami niko Mtwara mjini, kiti cha nyuma, dirishani,
miaka thelathini na sita, daftari la kurasa mia mbili
ambalo Asumini amelivalisha gazeti
kama nilivyokuwa nikiyavalisha yake.
Kijana wa jirani, Chilumba, alisimama nilipoingia.
"Shikamoo, madam."
"Marahaba," nikaipokea, haikuwa na kosa,
kisha nikaketi kando yake.

Mwalimu Nantanga akaandika kwa chaki ya buluu:
MNYORORO WA UGAVI.
Unaanzia wapi?
Kiwandani, akasema mmoja. Bandarini, mwingine,
na shingo zote zikageukia winchi;
mji huu kila jibu linateremkia bandarini kama maji ya mvua.

Neno lile nalijua kabla halijavaa suti.
Ugavi ni mama, sufuria moja, mikono tisa,
mwiko unakata ugali bila rula
na anayegawa ndiye anayekwangua ukoko.
Mnyororo ni wa baiskeli ya baba,
uliokatikia kwenye mchanga wa Mahuta,
akalala na gunia lake njiani mpaka alfajiri.

Unaanzia kwenye bakuli, mwalimu.
Bakuli la bati, mwezi wa saba,
mikorosho ndiyo kwanza inapuliziwa salfa,
na mtu wa kangomba amekaa kibarazani kwetu
anahesabu noti kwa mate.
Baba aliuza maua.
Sijakosea neno: maua.
Mavuno yalipokuja yalikuja na mwenyewe,
akapima kwa bakuli lake,
kilo moja iliyobeba kilo moja na nusu,
na ndani ya ile nusu
ilikuwamo ada yangu ya kidato cha tatu.

Haya sikuyasema. Nilisema tu, "Shambani."
"Vizuri," akasema, akaliandika
kwa herufi ndogo, pembeni kabisa ya ubao,
ambako kifutio hakifiki.

Saa nne tukafika kwenye upotevu wa shehena.
Akaweka asilimia.
Mkono wangu ukainuka kabla sijautuma:
"Sisi ghalani tunaita unyaufu.
Gunia linaingia na kilo themanini,
linakaa, linahema, linakauka,
linatoka na sabini na tisa na robo,
na hakuna aliyeiba."
Darasa likageuka.
Chilumba akanong'ona, inaandikwaje, kwa o?
Kwa u, nikamwambia. Zote tatu.

Usiku, chumba cha kupanga, Magomeni.
Ghalani tuna bambo, chuma chenye mfereji:
unalichoma gunia ubavuni,
zinatoka korosho chache
na hizo ndizo zinazosemea zilizobaki.
Lile swali la fomu lilinichoma hivyo hivyo.
Miaka ishirini nimekaa ndani ya juti.
Niliingia na kilo ngapi?
Nani aliandika?

Simu. Asumini.
"Mama, mmepewa kazi ya nyumbani?"
"Tumepewa."
"Basi ifanye kabla hujala."
Maneno yangu mwenyewe, yamerudi bila kupungua hata gramu.

Chora mnyororo wa bidhaa unayoifahamu.
Nimechora bakuli. Halifanani, ni kama kofia iliyopinduka.
Nimefuta, nimechora tena.
Nje yake nimeandika, kilo moja.
Ndani, kwa wino, kilo moja na nusu.
Mshale wa kwanza unatokea hapo.
Wali umepoa.