Bado

Kiharusi kilimwachia mama neno moja.
Mengine yote kilibeba: majina yetu,
Kimakonde cha Nanyamba, Kiswahili cha sokoni,
matusi yake ya asubuhi kwa kuku.
Umekula? Bado. Unaumwa? Bado.
Mimi nani, mama?
Akanitazama kwa jicho lile zima: Bado.

Siku ya kumi na tisa daktari wa Ligula alisema
kitanda kinahitajika. Hana tena la hospitali,
ana la mazoezi: mguu, mkono, ulimi,
kila siku, kwa mtu anayejua, miezi sita.
Nyumbani Chuno nina vyumba viwili na ngazi.

Mjomba Nambunga akapiga simu:
"Mzazi hapangishwi kwa watu. Kwetu haipo."
Nikamwambia, njoo basi umgeuze,
kila baada ya saa mbili, usiku nao umo.
Mtandao ukawa mbaya.

Mimi ni karani wa ghala.
Miaka ishirini na mbili nakagua korosho.
Gunia hupangwa zuri juu, mchanga chini,
kwa hiyo hatulitazami usoni;
tunachoma bambo katikati, tunatoa kiganja kimoja,
tunakata mojamoja, tunahesabu zilizooza.

Nyumba ya kwanza, Shangani, ina bustani na bango.
Meneja mwenye tai akanionyesha runinga.
Nikaomba kuona visigino vya wazee.
"Visigino?"
Ndiyo. Kidonda cha kulala hupenda kuanzia huko.
Akasema wamepumzika.
Wauguzi wawili, wazee thelathini na mmoja.
Nikafunga gunia.

Ya pili, njia ya Naliendele, ni nafuu.
Sakafu inanuka dawa, dawa nyingi mno,
kama udi unaofunika jambo.
Bibi mmoja amewekewa kikombe cha uji
upande wa mkono uliokufa.
Nikamsogezea. Akanywa wote bila kupumua.

Ya tatu sikuipenda. Bati lina kutu, lango linalia,
ada yake nusu ya mshahara wangu.
Nilikwenda saa tatu usiku, bila taarifa.
Alinifungulia kijana, Chilumba, fundi wa viungo,
mafuta ya nazi mpaka kwenye viwiko.
Alikuwa akimkanda mzee anayemtukana kwa Kimakua safi,
naye anaitikia, "Naam babu, sasa mguu wa pili."
Nikauliza visigino.
Akaomba ruhusa kwa mzee kwanza, ndipo akawasha taa.
Kidonda kimoja. Alinionyesha kabla sijakiona,
akanipa daftari: kililetwa na mgonjwa, tarehe, upana,
kila wiki kimepungua.
Wiki ya Idi hakikupungua. Ameandika hivyo hivyo.
Hapo ndipo nilipoamini,
kwenye ile wiki mbaya.

Jumatatu tukamleta kwa bajaji,
Esha amepakata kanga saba na sufuria,
maana mama hali chungu cha mtu asiyemjua.
Chilumba akapiga magoti. Hakuniuliza mimi.
"Bibi, wanakuitaje?"
Nikafungua mdomo. Akaniinulia kidole, akasubiri.
Feni ikazunguka. Chumba cha pili mtu akakohoa.
Mdomo wa mama ukahangaika,
chale za shavuni zikajikunja upande mmoja tu.
"Bado."
"Haya," akasema kijana. "Nitauliza tena kesho."

Fomu ilikuwa na mstari wa uhusiano na mgonjwa.
Mkono, kwa mazoea ya stakabadhi,
ukaandika *muuzaji*.
Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Saa kumi na mbili wageni hutoka.
Nikasimama, nikatafuta funguo.
Mkono wake wa kushoto ukanishika shati.

"Bado."

Hilo halikuhitaji karani.
Nikakaa.