Daftari la Mwalimu Nandonde

Aliingia darasa la sita, kipindi cha tatu,
akakikataa kiti, akaketi dawati la nyuma na watoto,
magoti yamemfika kifuani.
Akafungua daftari la kurasa arobaini,
akachonga penseli kwa wembe.
"Endelea, mwalimu. Mimi sipo."

Sijapata kuona mtu asiyekuwapo
akajaa chumba namna ile.

Nilikuwa na miezi miwili Newala,
cheti kimelala begini, hakijakunjwa,
na uma wa sauti niliougonga gotini
kila niliposahau la kufanya.
Nikachora mistari mitano ubaoni, imenyooka,
nikapanda noti kama apandaye karanga kwa kamba.
Nani anajua hivi ni vitu gani?
"Viluwiluwi," akasema mmoja.
Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka,
maana kule nyuma penseli iliandika.

Baadaye alinimegea muhogo wa kuchoma.
Kuhusu mistari, kimya.
Aliuliza tu: "Mbona ulipopiga makofi uliwapa mgongo?
Watoto hawasomi mgongo."

Wiki iliyofuata ukungu ukapanda kutoka bonde la Ruvuma,
ukaingia stoo bila hodi.
Likuti ikapigwa, ikajibu kama godoro.
Nikasema: leo tutasoma nadharia.
Akasema: leo tutaota moto.
Majani makavu ya mkorosho, moshi, vikohozi,
ngozi zote zimeelekezwa kwenye ndimi,
naye kanishika mkono, kaniwekea kidole juu ya ngoma:
"Bado.
Bado.
Itakapokikataa kidole, hapo."
Nikangoja kukataliwa.
Chuoni noti hiyo hatukuifikia.

Jioni moja, tumebaki ofisini na madaftari,
akaniimbia wimbo wa bibi yake wa kupura mtama,
mara mbili, akitazama pembeni.
"Uweke kwenye viluwiluwi vyako."
Nikauandika hadi mafuta ya taa yakaisha.
Aliishika karatasi mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali.
"Bibi alikuwa mtu mkubwa," akasema.
"Ameingiaje humu?"
Lakini aliikunja mara nne,
akaitia kwenye pochi ya kadi ya kliniki,
na sikuiona tena.

Siku ya kustaafu walimpa vitenge, jiko la gesi,
na hotuba ya afisa elimu iliyochosha hata viti.
Mimi alinipa daftari.

Nikafika nyumbani. Nikafunga mlango.
Nikawasha taa nikayasome makosa yangu.

Hayakuwamo.
Mlikuwa na majina:

Somoe, anafumbua mdomo tu. Asiulizwe mbele ya wenzake.
Chinguile, pumzi inamwishia. Je, asubuhi amekula?
Fadhiri, sauti inavunjika, aachwe hadi Juni, apewe kinganga.
Wa dirishani anasikia kwa sikio la kulia. Ahamishwe kushoto.

Kurasa thelathini na saba za namna hiyo,
vipindi vyangu vyote, na mimi simo,
kana kwamba asiyekuwapo nilikuwa mimi.
Jina langu nililikuta mara moja, karibu na mwisho,
penseli imefifia:
Mwalimu Mtalika leo amecheka. Wameimba vizuri.

Sasa niko Kitangari, dawati la nyuma,
magoti kifuani, mgongo unalalamika.
Kijana mgeni kutoka Kasulu anachora mistari mitano,
imenyooka mno.
Shati limemganda. Kila nikishusha penseli
anapotea kwenye hesabu ya moja, mbili, tatu.
Ningeweza kumwonyesha ukurasa huu, atulie.
Nitamwonyesha. Si leo.
Leo kuna msichana wa sweta ya kijani, safu ya pili,
midomo inakwenda na wenzake
na hakuna kinachotoka.

Endelea, mwalimu.

Naandika: sweta ya kijani.
Jina, nimuulize.